Deni la Mababu: Kutoka Tonge la Wali hadi Nyumba ya Tisa

Katika kitabu cha mwanzo cha Mahabharata, utenzi mkuu wa Wahindi, mna kisa cha mtawa aitwaye Jaratkaru. Mtu huyu aliazimia kutooa. Alizunguka nchi akifunga, akioga katika mito mitakatifu na kulala popote usiku ulipomkuta. Siku moja alipita penye shimo, akachungulia, akawaona wazee wananing'inia humo vichwa chini miguu juu, wameshikiliwa na shina moja la nyasi, na panya anaitafuna mizizi yake taratibu. Akawahurumia, akataka kuwamegea thawabu za ibada zake. Wakamjibu kwamba thawabu hata wao wanazo, wala haziwafai kitu. Wamefikia hapo kwa kuwa kizazi chao kinakatika: amebaki mmoja tu, naye hataki kuoa. Shina lile la nyasi ndiye yeye, na panya ni Wakati. Wakamtajia jina lake: Jaratkaru.

Alioa, ijapokuwa kwa masharti ya mtu asiyetaka: mke awe na jina kama lake, apewe kama sadaka, wala asidaiwe kumlisha. Akapatikana dada wa Vasuki, mfalme wa nyoka. Ndoa yenyewe haikudumu. Mke alimwamsha usingizini jua lilipokuwa linatua ili ibada yake ya jioni isimpite, naye akaghadhibika akaenda zake. Lakini mimba ilikuwa imeshatunga, na wazee wakasalimika.

Wazo lililobebwa na kisa hiki ni la kale kuliko utenzi. Taittiriya Samhita, mkusanyo wa Yajurveda uliotungwa karne kadhaa kabla ya Miladi, wasema kwamba Mbrahmini huzaliwa na madeni matatu: la wahenga wenye hekima, hulilipa kwa kusoma, la miungu, hulilipa kwa kafara, na la mababu, hulilipa kwa kupata watoto. Neno lenyewe, rina, ndilo hilo hilo la sokoni, deni la mtu aliyekopa. Yafaa kulitazama kwa makini, kwani deni si dhambi. Mwenye deni hajakosa. Amepokea kitu cha mwingine, naye atakirejesha. Hayo ndiyo yaliyokuwa maana ya kuzaliwa na watu.

Kurejesha huko kulipata sura katika ibada ya shraddha. Mwana hufinyanga matonge ya wali, au ya unga wa shayiri, yaliyochanganywa na ufuta, akawaandalia watatu: baba, babu, na baba wa babu. Watatu waliowatangulia hao hawana tonge. Fungu lao ni yale mabaki yanayopanguswa kutoka mkononi mwa mtoaji. Walio mbali zaidi huzama katika umati wa wafu wasiotajwa majina.

Hapo ndipo penye fundo. Mafundisho ya karma yalipoenea, yalisema kwamba kila nafsi huvuna ilichopanda, na kwamba afaye huzaliwa tena kwa kadiri ya matendo yake. Basi, ikiwa babu amekwisha kuzaliwa upya, pengine ni mtoto mchanga wa jirani, ni nani anayelila tonge? Na ikiwa kila mtu ana matendo yake, vipi mjukuu atabeba ya babu? Upanishadi ya Kaushitaki inaeleza hata ibada ambayo baba anayekata roho humlaza mwanawe juu yake, akamkabidhi kimoja kimoja: usemi, pumzi, macho, masikio, na matendo yake pia, na mwana anaitikia kwa kila kimoja kuwa amepokea. Mafundisho haya mawili, la nafsi iliyo peke yake na la ukoo ulio mwili mmoja, hayakupatana kabisa, wala hakuna lililolishinda jenzake. Watu waliishi nayo yote mawili, wakaendelea kupika wali.

Waliolazimika kutoa hukumu ni mafakihi, maana mbele yao palisimama mdai halisi mwenye fedha halisi. Nao, ni haki kusema, waliamua kwa busara kubwa. Katika kauli zinazonasibishwa na Brihaspati, mwana hulipa deni la baba kana kwamba ni lake, mjukuu hulipa rasilimali bila ya riba, kitukuu halipi. Tena si kila deni hurithiwa. Manu na Yajnavalkya wanamwondolea mwana deni la ulevi, la kamari, na la faini ambayo baba hakuilipa. Deni lililozaliwa na uovu wa baba humfia baba. Mahakama za wakati wa utawala wa Waingereza ziliichukua kanuni hii, zikaiwekea mpaka wa mali ya ukoo isiguse jasho la mwana mwenyewe, na kwa karne nzima na zaidi wenye kukopesha waliitumia kuyafikia mashamba ya familia.

Kutoka daftari la mdai hadi kwenye nyota ni safari nyingine, na sehemu yake ilipitia ugenini. Unajimu wa kusoma saa ya kuzaliwa haumo katika Veda. Huko mna elimu ya miezi na vituo vya mwezi kwa ajili ya kupanga kafara. Elimu ya buruji kumi na mbili na nyumba kumi na mbili ilitoka kwa Wayunani. Kitabu cha Kisanskriti kiitwacho Yavanajataka chakiri hivyo katika jina lake, kwani Yavana ni Myunani, na maneno kama hora na kendra ni ya Kiyunani yaliyovikwa nguo za Kihindi. David Pingree, aliyekichapisha mwaka 1978, alikitia katika mwaka 269 au 270. Uchunguzi wa Bill Mak uliotolewa mwaka 2013 umeitikisa tarehe hiyo. Wasomaji wa pwani hawatauona ugeni hapa. Hamali, Thauri, Jauza na Saratani wanazozijua kwa njia ya Waarabu ni ndugu wa Mesha, Vrishabha, Mithuna na Karka, wote wamezaliwa nyumba moja.

Wahindi walilichukua umbo la mgeni wakalitia roho yao. Jua likawa alama ya baba, na nyumba ya tisa ikawa ya baba na ya dini. Rahu, kichwa cha zimwi kilichokatwa na Vishnu kwa kuiba kinywaji cha uzima, ndicho kilimezacho jua na mwezi zinapopatwa. Basi mtoto akizaliwa Rahu yu pamoja na jua, mnajimu huona katika chati yake kupatwa kwa baba: kivuli kimekaa juu ya wazee. Kama sitiari ni nzuri mno, na pengine uzuri huo ndio uliolipa nguvu jambo lenyewe.

Kitabu kinachonasibishwa na Parashara, ambacho wataalamu hawajakubaliana kuhusu umri wake, kina sura ndefu juu ya laana za maisha yaliyopita: laana ya nyoka, ya baba, ya mama, ya ndugu, ya mjomba, ya Mbrahmini, ya mke, ya mzimu. Zote zina tunda moja, kukosa mtoto wa kiume. Dawa ya laana ya baba ni kwenda kufanya shraddha mjini Gaya, kulisha Mabrahmini, kumwozesha binti, kutoa ng'ombe. Hapa mizani imegeuzwa. Zamani mtu alikuwa na deni, akalilipa kwa kupata mtoto; sasa kutopata mtoto ndio ushahidi kwamba ana deni. Aliyeumizwa na mgeuko huo hafichiki. Katika nyumba nyingi, mke asiyezaa alisomewa chati akaambiwa kuwa hata tumbo lake lina mdai asiyemjua. Wala wanajimu hawakuweka kikomo cha riba kama Brihaspati, wala hawakumwondolea mtu kamari ya babu yake.

Jina linalovuma leo, pitru dosha, halisemi deni tena. Dosha ni ila, dosari. Kulienea kwake kumesaidiwa na vitabu vyepesi vya karne ya 20, na cha ajabu kuliko vyote ni Lal Kitab, yaani Kitabu Chekundu, juzuu tano zilizotoka Punjab kati ya mwaka 1939 na 1952, zikinasibishwa kwa Roop Chand Joshi. Lugha yake ni Kiurdu, na ndani mna beti. Tiba zake ni za mtu wa kawaida: kulisha kunguru au mbwa, kutupa sarafu mtoni. Kwa deni la mababu huagiza kwamba jamaa wote wa damu wachange kiasi kilicho sawa, kisha fedha hizo zitolewe sadaka. Lolote litakalosemwa juu ya unajimu wake, mchango huo walijua vyema tabia ya ukoo, kwani ndugu wasiosemezana hulazimika kukaa wakahesabu pamoja.

Mwaka 2005 Bunge la India liliirekebisha Sheria ya Urithi wa Kihindu ya mwaka 1956. Kwa madeni yaliyokopwa tangu hapo, hakuna tena mahakama itakayomdai mwana, mjukuu au kitukuu kwa hoja ya wajibu wa kidini peke yake. Na katika kifungu hicho hicho binti alipewa haki sawa na mwana katika mali ya ukoo. Mafakihi wakafunga daftari. Mnajimu hakufunga lake. Huko Trimbak, karibu na Nashik, bado hufanywa ibada ya siku tatu ambayo nyoka wa unga huchomwa moto kama maiti, ili ukoo uondokewe na laana yake.

Gaya nayo yajaa kila mwaka katika nusu ya mwezi inayoitwa Pitru Paksha, majuma mawili ya wafu. Hekalu la Vishnupad, lililojengwa upya na malkia Ahilyabai Holkar mwaka 1787, lipo ukingoni mwa mto Phalgu. Makuhani wa mji huo hutunza madaftari ya nasaba. Mgeni hutaja kijiji chake, akafunuliwa ukurasa wenye majina ya wazee wake waliowahi kufika, naye huongeza lake chini yao. Daftari hilo huitwa bahi, kama lile la mfanyabiashara.

Mto wenyewe kwa muda mrefu wa mwaka ulikuwa mchanga mtupu, na mahujaji walichimba kwa mikono ili wapate maji, hadi mwaka 2022 bwawa la mpira lilipojengwa kuyazuia karibu na hekalu. Wenyeji wana hadithi ya ukavu huo. Rama alikwenda kutafuta vyakula vya shraddha ya baba yake, Dasharatha, akachelewa. Saa ikafika, na mkono wa marehemu ukatokeza kudai fungu lake. Sita hakuwa na wali. Akafinyanga tonge la mchanga, akalitoa, na Dasharatha akalipokea. Rama aliporudi hakuamini, na mto, ulioshuhudia yote, ukakana. Ndipo Sita akaulaani upite chini ya ardhi. Ni mti mmoja tu, mbaniani, uliosema kweli, na mti huo bado waonyeshwa huko Gaya.