KASINO YA UFUKONI NA JASHO LA BUHA: NANI ALILIPIA STAREHE?

Katika madarasa yetu ya siasa tumezoea kuuchambua ukoloni kwa kutazama mashamba, migodi na reli. Ni mara chache tunatazama kumbi za starehe. Huo ni upungufu. Ukumbi wa starehe nao umejengwa kwa jasho la mtu, na sanaa iliyomo ndani yake ina tabaka lake. Basi tuzitazame kumbi za ufukoni mwa Dar es Salaam tukiwa huku Nduta, katika nyanda za juu za Kibondo na Kasulu, mbali kabisa na bahari.

Chimbuko

Kasino ni neno la Kitaliano lenye maana ya nyumba ndogo. Mwaka 1638 watawala wa Venice walifungua Ridotto, nyumba ya kamari iliyosimamiwa na dola, na waliotamba mezani humo walikuwa watu wa nasaba kubwa. Kuanzia karne ya 19 mabepari wa Ulaya waliipeleka kasino ufukoni: Monte Carlo ilifungua yake mwaka 1863, na Constanța, mji wa Romania katika Bahari Nyeusi, ukafungua jengo lake maarufu mwaka 1910. Waliajiriwa wasanifu, wachongaji na wanamuziki hodari. Hatukatai ufundi wao. Tunasema tu kwamba ufundi huo ulikodiwa ili fedha iliyonyonywa ionekane kuwa ustaarabu.

Kwa Wajerumani, kasino ilikuwa pia klabu ya maofisa wa jeshi. Desturi hiyo ya kujitenga ndiyo iliyoletwa kwetu. Mwaka 1906 ilijengwa hoteli ya Kaiserhof karibu na bandari ya Dar es Salaam. Baadaye ikaitwa New Africa. Waingereza nao wakawa na Dar es Salaam Club, mbele ya bahari, kwa Wazungu peke yao. Mwafrika aliingia humo akiwa mpishi au boi.

Nani alilipa?

Jibu liko Buha. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893, na reli ya kati ikafika Kigoma mwaka 1914. Mkoloni hakuileta reli ili Mha akaone bahari. Alidai kodi kwa fedha taslimu, huku akiiacha Buha bila zao la maana la biashara. Hivyo kijana wa Kibondo au Kasulu alilazimika kujiuza. Mwaka 1944 mabwana mkonge waliunda SILABU, chombo cha kukusanya vibarua, na Buha ikawa moja ya machimbo yake makubwa. Kijana alipewa namba, akaitwa manamba, akasafirishwa hadi Tanga au Morogoro. Kufikia mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka. Glasi iliyoinuliwa klabuni usiku ilikuwa imejazwa asubuhi shambani.

Wavuja jasho hawakukaa kimya

Utamaduni wa pwani haukuwa wa klabu peke yake. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 watu wa Lamu na Mombasa walicheza beni, ngoma iliyoiga gwaride na bendi za jeshi. Dar es Salaam ikapata makundi ya Marini na Arinoti, na baada ya vita vya 1914-1918 beni ikaenea bara. Wapo wanaosema hiyo ilikuwa kasumba tupu. Sisi hatukubaliani nao. Wachezaji walichukua vyeo vya mkoloni wakavigawana wenyewe kwa wenyewe, wakajifunza kujiendesha na kusaidiana. Hata hivyo tusiwapambe: Marini ilielekea kwa wenye hali nafuu na Arinoti kwa vibarua. Tabaka lilikuwapo hata ndani ya ngoma. Ndiyo maana kuanzishwa kwa bendi ya NUTA Jazz mwaka 1964, chini ya chama cha wafanyakazi, kulikuwa hatua ya maana: mfanyakazi sasa alikuwa na bendi ya chombo chake.

Baada ya Azimio

Baada ya Uhuru jengo la Dar es Salaam Club lilifanywa Hoteli ya Forodhani na mahali pa kufundishia kazi za hoteli. Baadaye likawa la Mahakama ya Rufani. Jengo halikuvunjwa. Kilichobadilika ni mwenyewe na kazi yake. Lakini swali halikuisha. Mwaka 1970 vijana wa TANU Chuo Kikuu walianzisha mjadala mkali magazetini wakihoji kama utalii unajenga ujamaa au unatufanya watumishi wa wageni. Kisha uchumi ukalegezwa, na Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 ikaweka bodi ya kusimamia kasino. New Africa yenyewe ikawa na kasino ndani yake.

Leo kamari haingoji mtu afike ufukoni. Dubwi na mikeka vinamfuata kijana hadi kijijini, na simu yake ndiyo mlango. Zamani ilibidi asafirishwe ili anyonywe. Sasa ananyonywa akiwa amekaa kwao.

Ndugu makada, kuhubiri peke yake hakutoshi. Kijana asiye na kazi wala uwanja atatafuta bahati. Kila tawi lijiulize: ngoma yetu inachezwa wapi, zeze linafundishwa na nani, uwanja wa kijiji uko wapi? Starehe ni haki ya mfanya kazi. Sharti iwe mali yake.