Mwenyeji na Mugeni: Asili ya Maneno Mawili

Neno «originaire» limeingia katika siasa ya Katanga kwa njia ya Kifransa, lakini asili yake ni Kilatini: origo, ni kusema chimbuko, kutoka kitendo oriri, kuchomoza kama jua. Kwa Kiswahili tunalifasiri «mwenyeji». Lakini tazameni vema: mwenyeji ni mwenye muji, si mutu aliyechomoza katika udongo wake. Mwenye muji ndiye anayefungua mulango. Bila mugeni, jina lake halina kazi.

Elisabethville, Lubumbashi ya leo, ilianzishwa mwaka 1910. Union Minière ilitafuta watu wa kazi hata Kasai, Rwanda na Rhodesia. Mwaka 1928 reli ya Bukama ilifika Ilebo, na watu wa Kasai wakazidi kuja. Katika uchaguzi wa mwaka 1957, wengi waliopata ukubwa wa komini za Waafrika walikuwa wametoka nje ya Katanga. Mwaka uliofuata chama cha CONAKAT kikaanzishwa, kwa kutetea wale kiliowaita Wakatanga wa kweli. Tangu hapo mugeni hakuwa tena mutu wa kupokelewa, bali wa kuhesabiwa na kuogopwa.

Walakini Godefroid Munongo, raisi wa kwanza wa chama kile, alikuwa wa ukoo wa Msiri. Na Msiri alitoka Unyamwezi, katika inchi ya Tanzania ya leo, akatawala Bunkeya hata kifo chake mwaka 1891. Ndiyo ginsi mugeni wa zamani anavyozaa mwenyeji.

Warumi nao waliona neno likigeuka. Cicero, katika De officiis, anaeleza kwamba hostis kwa wazee wao lilikuwa jina la mugeni tu. Nyuma likawa jina la adui. Kwetu mwendo ule ulikuwa mufupi zaidi. Katika miaka 1992 na 1993 watu wa Kasai walifukuzwa Katanga. Waliitwa «bilulu», ni kusema wadudu. Maelfu walingoja treni kwenye gare za Likasi na Kolwezi, na wengi walikufa. Kati yao walikuwamo wengi waliozaliwa Katanga.

Basi, ninyi wenye kufundisha watu, musiyaache maneno haya mikononi mwa siasa peke yake. Muyafundishe kwa maana yake ya kwanza: mwenyeji anapokea, mugeni anapokelewa.