Augsburg: Amani Iliyoanza kwa Kugawana Viti

Kila tarehe 8 Agosti, maduka na ofisi za mji wa Augsburg, kusini mwa Ujerumani, hufungwa. Ukivuka tu mpaka wa mji, unakuta watu wako kazini kama kawaida. Sikukuu Kuu ya Amani ni siku ya mapumziko kisheria katika mji huo peke yake. Lakini tarehe yenyewe ilianza kama siku ya msiba.

Anayetaka kufuata nyayo za sikukuu hiyo aanzie kanisa la Mtakatifu Anna. Lilikuwa la watawa Wakarmeli, na Martin Luther alifikia kwao mwaka 1518 alipokuja kuhojiwa na Kardinali Cajetan. Mwaka 1530 wafuasi wa Luther waliwasilisha mjini humu, mbele ya Kaisari Karl wa Tano, Ungamo la Augsburg, ambalo Walutheri wa Tanzania wanalishika hadi leo. Mwaka 1555 yakafikiwa hapa mapatano yaliyompa kila mtawala haki ya kuchagua dini ya himaya yake, Ukatoliki au Ulutheri.

Ila katika baraza la mji mambo yalikuwa mengine. Waprotestanti walikuwa wengi mjini, lakini tangu mwaka 1548 Karl alikuwa amepanga baraza upya, Wakatoliki wakashika hatamu. Vita vya Miaka Thelathini vilipopamba moto, Kaisari Ferdinand wa Pili alitoa Amri ya Urejesho, iliyowataka Waprotestanti warudishe mali za Kanisa Katoliki, na tarehe 8 Agosti 1629 ibada za Kiprotestanti zikapigwa marufuku Augsburg.

Mwaka 1632 mfalme Mprotestanti Gustavus Adolphus wa Sweden aliuteka mji, ikawa zamu ya Wakatoliki kung'olewa madarakani. Kisha jeshi la kaisari likauzingira mji, njaa ikaua, na mwaka 1635 ukasalimu amri. Wakazi waliokuwa zaidi ya 40,000 wakabaki kama 16,000. Waprotestanti wakanyimwa makanisa, wakawa wanasali uani pa Mtakatifu Anna, juani na kwenye theluji, kwa zaidi ya miaka kumi.

Mkataba wa Westphalia wa mwaka 1648 ndio uliokata mzizi wa fitina. Uliagiza vyeo vya Augsburg vigawanywe nusu kwa nusu: Mkatoliki mmoja, Mprotestanti mmoja. Miaka miwili baadaye, tarehe 8 Agosti 1650, Waprotestanti waliadhimisha sikukuu yao ya kwanza, wakiigeuza siku ya kunyang'anywa kuwa siku ya shukrani.

Kwa karne nyingi iliendelea kuwa sikukuu ya upande mmoja. Leo, baada ya serikali ya Bavaria kuifanya sikukuu ya wote karibu na mwaka 1950, meza ndefu hupangwa mbele ya jumba la baraza lililojengwa na Elias Holl. Wakazi wa dini zote huleta vyakula vyao wakala pamoja. Na tarehe 31 Oktoba 1999, katika kanisa lile lile la Mtakatifu Anna, Wakatoliki na Walutheri walitia saini Tamko la Pamoja kuhusu kuhesabiwa haki, hoja iliyowagawa tangu enzi za Luther.

Angalia mpangilio wa mambo: haki ya viti ilitangulia, na meza ya pamoja ikaja zaidi ya karne tatu baadaye. Anayehubiri amani kati ya madhehebu aulize kwanza nani ana kiti barazani na nani amefungiwa nje.