Matoleo ya Linux: ya Awamu na ya Mfululizo

Matoleo ya awamu na matoleo ya mfululizo ni taratibu mbili ambazo distro za Linux hutumia kumfikishia mtumiaji programu. Katika utaratibu wa awamu, wasanidi hukusanya programu, husitisha kupokea mpya, hutumia miezi kadhaa kuondoa hitilafu, kisha hutoa toleo lenye namba au jina. Tangu siku hiyo toleo hupata viraka vya usalama na marekebisho machache mpaka muda wake uishe. Katika utaratibu wa mfululizo ghala la programu ni moja, na kila programu mpya huingia humo ikishapimwa. Kompyuta iliyosakinishwa miaka kumi iliyopita, ikiwa imesasishwa inavyotakiwa, huwa na programu zilezile za kompyuta iliyosakinishwa jana. Debian, Ubuntu, Fedora na Linux Mint zimo katika kundi la kwanza. Arch Linux, Gentoo, Void na openSUSE Tumbleweed katika la pili.

Historia

Debian, iliyoanzishwa na Ian Murdock mnamo Agosti 1993, ndiyo mzazi wa distro nyingi za awamu. Matoleo yake hupewa majina ya wahusika wa filamu ya katuni ya Toy Story. Tawi lisilo imara, ambalo programu mpya huingia kwanza, limepewa jina la kudumu la Sid, yule mtoto wa jirani anayevunja vinyago. Jina linalolistahili kabisa. Kwa hiyo hata ndani ya Debian mna mto unaotiririka bila kukoma, ila wenyeji hawashauri mgeni aoge humo.

Udhaifu wa utaratibu wa awamu ulionekana wazi kati ya toleo la Woody (Julai 2002) na Sarge (Juni 2005). Kwa karibu miaka 3 mtumiaji wa kompyuta ya mezani aliyetaka mfumo imara alibaki na programu zilizozeeka. Ubuntu ilizaliwa katika pengo hilo. Mark Shuttleworth na kampuni yake ya Canonical walichukua programu kutoka tawi la Sid, wakaahidi toleo kila baada ya miezi 6, na namba ya toleo ikawa tarehe yake: 4.10 ni Oktoba 2004. Jina lenyewe limetoka katika lugha za Kinguni za kusini mwa Afrika, na msemaji wa Kiswahili hulitambua upesi kuwa ni utu. Toleo la 6.06 lilicheleweshwa kutoka Aprili hadi Juni 2006 ili liive. Likawa la kwanza kati ya matoleo ya LTS, yaani yenye huduma ya muda mrefu, ambayo sasa hutoka kila miaka 2 na kuhudumiwa kwa miaka 5. Hadi 2011 Canonical ilituma diski za Ubuntu kwa posta bila malipo popote duniani, jambo lililowafaa sana watu wa nchi zenye intaneti ya kusuasua.

Arch Linux ilitolewa na Judd Vinet wa Kanada mnamo Machi 2002, pamoja na pacman, programu yake ya kusimamia vifurushi. Gentoo 1.0 ilitoka mwezi huohuo. Tumbleweed, yenye jina la magugu makavu yanayobiringishwa na upepo, ilibuniwa na Greg Kroah-Hartman, na mnamo Novemba 2014 ikaunganishwa na tawi la Factory la openSUSE. Sifa yake kubwa ni openQA, mtambo unaosakinisha na kujaribu mfumo kama afanyavyo mtumiaji, kabla ya sasisho kuruhusiwa kutoka.

Tofauti katika matumizi

Mfano mzuri ni mazingira ya eneo-kazi ya KDE Plasma 6, yaliyotoka Februari 2024. Watumiaji wa Arch waliyapata ndani ya siku chache. Wa Debian 12 walibaki na Plasma 5.27 hadi Debian 13 ilipotoka Agosti 2025. Waliosubiri walikosa mambo mapya, lakini pia waliepuka hitilafu za miezi ya mwanzo, ambazo wengine walizitafuta, wakazitolea taarifa na kuzivumilia kwa niaba yao.

Mtumiaji wa mfululizo ana wajibu ambao mwenzake hana. Arch haikubali kusasisha nusu: anayechukua programu moja mpya na kuacha maktaba zake za zamani hujikuta na programu isiyofunguka. Aidha hutakiwa kusoma matangazo kabla ya kusasisha. Mnamo Juni 2013 faili za amri zilipohamishiwa /usr/bin, tangazo lilieleza hatua kwa hatua la kufanya, na waliolazimisha sasisho bila kulisoma waliharibu mifumo yao. Katika distro za awamu usumbufu wa aina hii hulimbikizwa na kuja mara moja, siku ya kuhamia toleo jipya, ambayo mwenye kompyuta anaweza kuichagua baada ya kunakili faili zake pembeni.

Usalama

Tarehe 29 Machi 2024, msanidi programu Andres Freund alitangaza kuwa amegundua mlango wa siri katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana faili, baada ya kushangazwa na kuingia kwa SSH kulikochelewa kwa takriban nusu sekunde. Tumbleweed na tawi la Sid zilikwisha kuyapokea. Arch pia, ingawa SSH yake haikuunganishwa na maktaba ya xz. Debian 12 haikuguswa, kwa kuwa ilikuwa na toleo la zamani. Kwa upande mwingine, katika Debian marekebisho hupachikwa kwenye toleo lilelile la zamani. Anayetazama namba tu hudhani kwamba shimo bado liko wazi.

Gharama ya intaneti

Hapa mfululizo hauna utetezi mzuri kwa anayenunua intaneti kwa bando, kama walivyo wengi Tanzania na Kenya. Maktaba ya msingi ikibadilika, Tumbleweed huweza kutaka vifurushi maelfu kwa mkupuo mmoja. Kompyuta ya Arch iliyofungiwa kabatini miezi kadhaa huwa na mzigo mkubwa wa kupakua, na wakati mwingine funguo za saini hubidi zisasishwe kwanza.

Vifaa

Kompyuta iliyotoka dukani mwaka huu, hasa yenye kadi mpya ya video, huhitaji kerneli na draiva za karibuni, na mfululizo huzileta mapema. Ubuntu hupunguza tatizo hilo kwa kuleta kerneli mpya katika matoleo ya LTS. Kompyuta ya mtumba, ambayo vifaa vyake vimefahamika kwa miaka, haina sababu ya kuharakishwa.

Njia za kati

Manjaro huchelewesha vifurushi vya Arch kwa muda kabla ya kuviruhusu. Snapper, juu ya mfumo wa faili wa Btrfs, humrejesha mtumiaji wa openSUSE katika hali ya kabla ya sasisho. Flatpak na Snap huweka programu mpya juu ya mfumo wa zamani.

Hali ya sasa

SteamOS, mfumo wa kampuni ya michezo ya Valve, ulioanza 2013 juu ya Debian, ulihamia Arch katika toleo la 3, lililotoka na kifaa cha michezo cha Steam Deck mnamo Februari 2022. Hata hivyo Valve hutuma mfumo mzima kama taswira moja iliyokwisha kupimwa, na mchezaji haoni vifurushi vikipita kila siku.