Mafuta Yenye Viungo Unguja: Yalikotoka, na Kinachofaa Kuingia Chupani

Ndugu zangu wakulima na wafanyabiashara wa Fumba, Bweleo, Dimani na Kombeni, swali ninaloulizwa sana siku hizi ni hili: mafuta ya nazi yaliyotiwa viungo, yale ya chupa ndogo wanayopenda wageni, yanatengenezwa vipi? Nyumba mpya zinapanda upande wetu, wageni wanapita, na mafuta yale yale ya kupikia ukiyatia hiliki au pilipili yanauzwa kwa bei nyingine. Biashara ni nzuri na mimi siipingi. Ila kabla hujanunua chupa, turudi nyuma kidogo. Jibu la swali lako limo katika historia ya jiko letu, na humo humo limo jambo linaloweza kumlaza mtu hospitali.

Mafuta yenye harufu si kitu cha hoteli. Pwani hii imeyajua kwa muda mrefu sana. Kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya 1 kinataja samli na mafuta ya ufuta yakivushwa kutoka Bara Hindi hadi bandari za Pembe ya Afrika. Mwaka 1331 Ibn Battuta alipofika Mogadishu, kabla ya kushuka Mombasa na Kilwa, aliletewa wali uliopikwa kwa samli, na pembeni achari ya ndimu na ya pilipili. Ukikisoma chakula kile hutaona ugeni. Ni sinia la harusi ya kwetu, limepungua biriani tu.

Sasa jiulize: samli ni nini? Ni siagi iliyochemshwa mpaka maji yote yakaisha. Siagi yenyewe katika joto letu haikai, lakini samli hukaa miezi. Shika neno hilo, maji, kwa sababu hadithi yote ya mafuta yanayodumu ni hadithi ya kuyafukuza maji.

Mafuta ya nazi ni hivyo hivyo. Wengi wenu mnajua kuyapika kuliko mimi: nazi zilizokomaa hukunwa kwa mbuzi, tui hukamuliwa kwa kifumbu, huachwa usiku kucha, asubuhi malai ya juu huenguliwa na kutiwa sufuriani juu ya moto mdogo. Kwa muda mrefu sufuria inapiga kelele. Kelele ile ni maji yanayotoka. Inapotulia, mashapo yamegeuka rangi ya kahawia na mafuta yamekuwa meupe kama maji ya kisima, hapo ndipo mpishi hodari huepua. Anayeepua mapema kwa kuogopa kuni kuisha hupata mafuta yanayonuka baada ya wiki mbili au tatu. Kwa kadiri ya nazi 10 hadi 15 utapata lita moja, kutegemea ukubwa wa nazi na mkono wako wa kukamua. Hesabu hiyo ifanye kabla ya kupanga bei, maana nimeona watu wanaiuza chupa kwa pesa pungufu ya nazi zilizomo.

Mjini, mafuta ya kupikia hayakuwa ya nazi peke yake. Palikuwa na mafuta ya ufuta, ambayo wazee waliyaita mafuta ya uta. Yalikamuliwa kwa kinu kikubwa cha mti kilichozungushwa na ngamia aliyefungwa macho. Picha za zamani za Mji Mkongwe zinawaonyesha ngamia hao, na Lamu vinu hivyo vilionekana mpaka miaka ya karibuni. Ufuta ulikuwa mali. Mwaka 1844 Ufaransa ilifunga mkataba wa biashara na Seyyid Said, na wafanyabiashara wa Marseille wakaleta majahazi yao kununua ufuta na mbata. Hawakuwa na haja ya kukaangia samaki. Walitaka mafuta ya kutengenezea sabuni. Kwa hiyo mkulima wa pwani alikuwa akiosha nguo za Ufaransa bila ya kujua, huku mafuta yaliyosafishwa vizuri yakiuzwa na wengine. Hilo la kuuza mali ghafi na kununua iliyotengenezwa, nadhani hamhitaji nilieleze.

Karafuu ilifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Wafaransa vya Bahari ya Hindi, na Seyyid Said ndiye aliyeisukuma. Inasimuliwa kwamba aliamuru kila mwenye shamba apande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja, na asiyetii anyang'anywe shamba. Nazi ikawa ndogo mbele ya karafuu. Kisha tarehe 15 Aprili 1872, wakati wa Seyyid Barghash, kikaja kimbunga kilichopindua majahazi bandarini na kung'oa mikarafuu mingi ya Unguja pamoja na minazi. Pemba ikanusurika, na tokea hapo Pemba ndiyo mama wa karafuu mpaka leo. Upande wa Unguja watu wengi walirudi kwenye mnazi, kwa sababu mnazi hauchagui sana na mkarafuu unataka udongo wenye kina. Sisi wa Fumba tulio juu ya mawe na uwanda tusingekuwa na karafuu nyingi kwa vyovyote. Lakini ardhi kama yetu ina jambo lake: pilipili ndogo kali zilizolimwa kwenye maweni ya Unguja zilijulikana hadi soko la London mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Pilipili zile zilikuwa kavu. Zilianikwa mpaka zinavunjika mkononi, ndipo zikatiwa magunia.

Tazama basi yaliyokutana katika kisiwa kimoja: nazi, ufuta, karafuu, pilipili, hiliki na pilipili manga kutoka Bara Hindi, mdalasini kutoka Sirilanka. Jiko la Unguja likajifunza kuitia harufu ndani ya mafuta kabla haijafika kwenye chakula. Mpishi wa pilau hukaanga vitunguu na viungo vizima kwanza, kwa sababu harufu ya uzile na mdalasini huingia katika mafuta upesi kuliko katika maji. Mpishi wa biriani hukaanga vitunguu mpaka vikauke, akavitoa, na mafuta yale ya vitunguu hayamwagi: huyarudisha juu ya wali. Hayo ndiyo mafuta yenye ladha ambayo mgeni anayatafuta dukani, nasi tunayo sufuriani kila Ijumaa. Nje ya jiko kuna mafuta ya nazi yaliyolowekwa karafuu kavu, ya kuchulia mwili na ya kumsingia bibi harusi. Achari ya embe nayo hukaa kwenye mafuta, lakini embe lenyewe ni kali, limepigwa chumvi, limekaa juani, na mara nyingi limeongezwa siki au ndimu.

Katika vyote hivi, kinachowekwa muda mrefu ama kimekauka, ama ni kikali kwa siki na ndimu. Kilichopikwa kibichi na mafuta huliwa siku hiyo hiyo. Sidhani wazee waliandika sheria hiyo mahali popote. Waliiona tu.

Mambo yakabadilika mafuta ya dukani yalipoingia. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, mafuta ya mawese yaliyosafishwa kutoka Asia yalijaa madukani. Yalikuwa rahisi, hayana harufu, na hayataki kukuna nazi. Kupika mafuta ya nazi nyumbani kukawa kazi ya wachache, na wengine wakabaki nayo kwa ajili ya nywele tu. Sasa yanarudi kwa sababu ya wageni, na yanarudi na mapishi ya kwenye simu: kitunguu thomu kibichi, tangawizi mbichi, pilipili mbichi, jani la mrehani, vyote vinaelea ndani ya chupa safi. Chupa inapendeza kweli. Hapo ndipo ninapotaka unisikilize.

Mwaka 1985 katika mji wa Vancouver, Kanada, watu 36 waliugua baada ya kula mkate wa mkahawa mmoja. Ndani yake mlikuwa na kitunguu thomu kilichokatwakatwa na kuwekwa katika mafuta ya soya. Kilitakiwa kukaa kwenye friji, kikakaa nje. Wengi walikuwa wamesharudi makwao walipozidiwa, na madaktari mwanzoni waliyaita maradhi yao majina mengine. Mwaka 1989 watu 3 wa Kingston, New York, waliugua kwa kitu kile kile. Baada ya hapo serikali ya Marekani ililazimisha bidhaa za kitunguu thomu ndani ya mafuta zitiwe ukali wa kutosha. Maradhi yenyewe huitwa botulizimu. Kope zinalegea, macho yanaona viwili viwili, ulimi unakuwa mzito, kisha kifua kinashindwa kuvuta pumzi.

Kidudu chake kinaishi udongoni, kwa hiyo kitunguu thomu, tangawizi na chochote kilichogusa ardhi kinaweza kukibeba. Mbegu zake haziuawi na kuchemsha kwa kawaida. Kikipata mahali pasipo na hewa, penye unyevu, pasipo na ukali, na penye joto kama la Fumba, huamka na kutoa sumu. Ndani ya mafuta hakuna hewa. Kipande kibichi cha kitunguu thomu kina maji yake. Hapana haja ya kuongeza kitu. Na sumu ile haibadilishi rangi wala harufu, kwa hiyo usiniambie utanusa kwanza.

Kwa ajili ya kuuza, basi, tia vitu vikavu tu: hiliki, mdalasini, pilipili manga, uzile, pilipili iliyoanikwa mpaka inavunjika. Pilipili yenye ukungu itupe, usiisuguesugue ukadhani imesafika, kwa sababu ina sumukuvu. Pasha mafuta ya nazi kwa moto mdogo mpaka yawe ya moto lakini hayatoi moshi, weka viungo vizima, epua, funika, acha usiku mmoja au miwili, kisha chuja kwa kitambaa safi kikavu. Usiache viungo ndani ya chupa kwa ajili ya urembo. Chupa uliyoiosha ikaushe juani au kwenye oveni mpaka usione hata tone, maana tone moja la maji linaurudisha uharibifu wote uliofukuzwa na moto. Hifadhi mbali na jua. Andika tarehe.

Ukitaka ya kitunguu thomu au tangawizi mbichi kwa chakula cha nyumbani, tengeneza kidogo, utumie siku hiyo. Kikibaki, kiingie kwenye friji na kisipite siku 4. Usikiuze. Mteja akikiomba, mwambie utamtilia thomu kavu ya unga iliyokauka barabara, uichuje vizuri.

Na karafuu? Karafuu kavu hununuliwa na Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, kwa mujibu wa sheria, kwa hiyo ukitaka kuitumia katika bidhaa yako ulizia kwao kwanza. Usichanganye pia mafuta ya nazi yaliyolowekwa karafuu na mafuta ya karafuu yanayotolewa kwa mvuke, kama yale ya makonyo kiwandani Pemba. Hayo ya mvuke ni makali mno. Si mafuta ya kupikia, na mtoto akinywa kidogo tu anaweza kuharibika ini. Chupa zake ziweke mbali na jiko na mbali na watoto.

Kabla hujapeleka chupa yako hotelini au dukani, pita kwa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, ZFDA, na kwa Taasisi ya Viwango, ZBS. Mwenye hoteli makini atakuuliza karatasi zao kabla hajauliza bei.

Jambo la mwisho, la Juni na Julai. Kipupwe kikiingia, mafuta safi ya nazi huganda yakawa meupe kama samli, kwa sababu huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 au 25. Wateja wengine hurudisha chupa wakidhani wamechanganyiwa mafuta mengine. Andika kwenye lebo kwamba yakiganda yawekwe juani dakika chache, yatayeyuka yenyewe.