Ulinganisho wa viunzi vya PHP

Viunzi vya PHP ni mikusanyo ya msimbo uliokwisha kuandikwa, ambayo watengenezaji wa programu huitumia kama mifupa ya programu za wavuti zinazoandikwa kwa lugha ya PHP. Kiunzi ni tofauti na maktaba ya kawaida. Msimbo wa mtengenezaji huita maktaba pale unapoihitaji. Kiunzi, kinyume chake, ndicho kinachouita msimbo wa mtengenezaji. Ombi la mtumiaji likifika kwenye seva hupokelewa na kiunzi kwanza, nacho huamua ni sehemu gani ya programu italijibu.

Vinavyojulikana zaidi ni Laravel, Symfony, CodeIgniter, CakePHP, Yii na Laminas. Vyote ni vya chanzo huria na hutumika bila malipo, chini ya leseni za MIT au BSD.

Historia

PHP ilianzishwa mwaka 1994 na Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, na ikatolewa hadharani mwaka 1995. Kwa miaka mingi faili moja lilibeba kila kitu: HTML ya ukurasa, maswali kwa hifadhidata na ukaguzi wa nywila. Njia hiyo yafaa kwa tovuti ya kurasa tano. Kurasa zikifika mia, kubadili jina la safu moja kwenye jedwali kunamlazimu mtu kupekua mafaili yote.

Mambo mawili ya mwaka 2004 yalibadilisha hali hiyo. Kwanza, toleo la 5 la PHP lilileta mfumo kamili wa madarasa na vitu. Pili, David Heinemeier Hansson alitoa Ruby on Rails, kiunzi cha lugha ya Ruby kilichowaonyesha watu wa PHP kuwa kazi ya wiki inaweza kufanywa kwa siku chache. CakePHP na Symfony vilitoka mwaka 2005. Symfony ilitoka Ufaransa, chini ya Fabien Potencier. CodeIgniter ya kampuni ya EllisLab ilifuata mwaka 2006, toleo la 1.0 la Zend Framework mwaka 2007, na Yii ya Qiang Xue mwaka 2008. Laravel ya Mmarekani Taylor Otwell ilikuja mwaka 2011, ikiwa na huduma ya kuingia kwa nywila ambayo CodeIgniter haikuwa nayo.

Hadi hapo kila kiunzi kilikuwa kisiwa. Daraja lilijengwa mwaka 2012 na Nils Adermann na Jordi Boggiano, walipotoa Composer, programu inayopakua vipande vya msimbo pamoja na vile vinavyovitegemea. Tangu hapo kipande cha kiunzi kimoja huweza kutumika ndani ya kingine. Laravel yenyewe hutumia vipande vya Symfony kupokea maombi na kuendesha amri zake. Kwa sababu hiyo, mabishano ya vijana kuhusu Laravel na Symfony kana kwamba ni Simba na Yanga yanapotosha: anayetumia Laravel anatumia pia sehemu ya Symfony.

Mpangilio wa pamoja

Karibu viunzi vyote hufuata mpangilio wa MVC, uliobuniwa na Mnorwei Trygve Reenskaug mwaka 1979. Programu hugawanywa sehemu tatu: modeli hushughulikia data, mwonekano huonyesha ukurasa, na kidhibiti hupokea ombi na kuziunganisha hizo mbili. Aliyejifunza kiunzi kimoja vizuri hahitaji kuanza upya anapohamia kingine.

Namna ya kushughulika na hifadhidata

Hapa ndipo penye tofauti kubwa kuliko zote, ingawa makala nyingi za kulinganisha hupapita haraka na kukimbilia kasi. Laravel na Yii hutumia mtindo uitwao Active Record. Kila kitu cha programu ni mstari wa jedwali, na chenyewe kinajua kujihifadhi:

$kitabu->jina = 'Hesabu';
$kitabu->save();

Symfony kwa kawaida hutumia Doctrine, yenye mtindo wa Data Mapper. Kitabu hakijui kuwa kuna hifadhidata. Kuna msimamizi anayekihifadhi:

$em->persist($kitabu);
$em->flush();

Mtindo wa kwanza ni mwepesi kujifunza na hutosha kwa programu nyingi za shule, duka au zahanati. Udhaifu wake ni kwamba kanuni za biashara na umbo la jedwali hushikamana, na baada ya miaka kadhaa ni vigumu kubadili kimoja bila kugusa kingine. Mtindo wa pili hudai msimbo mwingi zaidi mwanzoni, lakini kanuni, kwa mfano za kukokotoa riba ya mkopo, zinaweza kupimwa peke yake bila hifadhidata kuwapo.

Mitindo yote miwili ina mtego mmoja. Ukiorodhesha vitabu 100 kisha ukaomba jina la mwandishi wa kila kimoja, kiunzi kinaweza kutuma maswali 101 kwenye hifadhidata badala ya mawili. Kwenye kompyuta ya msanidi yenye vitabu kumi hakuna anayeona. Kwenye seva yenye watumiaji wengi ukurasa hukwama. Katika Laravel, dawa yake ni kuomba waandishi mapema kwa kutumia with().

Mwandishi wa Kiswahili atakutana na jambo jingine. Laravel na CakePHP hubahatisha jina la jedwali kwa kufuata wingi wa Kiingereza. Katika Laravel, darasa Kitabu litatafutiwa jedwali kitabus, na hitilafu itatokea ikiwa jedwali linaitwa vitabu. Inatosha kuandika jina sahihi ndani ya darasa:

protected $table = 'vitabu';

Usalama

Viunzi hivi husaidia kuzuia mashambulizi ya kawaida: kupenyeza amri za SQL kupitia fomu, kupachika hati ngeni kwenye ukurasa, na kughushi maombi kwa jina la mtumiaji aliyekwisha kuingia. Blade ya Laravel na Twig ya Symfony husafisha maandishi kabla ya kuyaonyesha, isipokuwa mtengenezaji aamue vingine. Lakini anayeunganisha maneno ya mtumiaji moja kwa moja ndani ya swali la SQL amejitoa mwenyewe kwenye ulinzi huo. Vilevile, anayeacha hali ya utatuzi wa makosa ikiwa imewashwa kwenye seva ya umma anaweza kuwaonyesha wageni siri za programu yake.

Kiunzi chenyewe pia kinaweza kuwa na tundu. Mwishoni mwa mwaka 2018 kosa katika ThinkPHP, kinachotumika sana China, liliwawezesha wadukuzi kuendesha amri zao kwenye seva ambazo hazikuwa zimesasishwa.

Muda wa matunzo

Symfony hutoa toleo kila Mei na Novemba, na kila miaka miwili hutoa toleo la muda mrefu linalorekebishwa makosa kwa miaka 3 na usalama kwa miaka 4. Laravel hutoa toleo kubwa takriban kila mwaka, likitunzwa kiusalama kwa miaka 2. Taasisi isiyo na fundi wa kudumu iangalie tarakimu hizi kabla ya kitu kingine chochote. Kuhama toleo hadi toleo kumewahi kuwa sawa na kuandika upya: Symfony 2 ya mwaka 2011, Zend Framework 2 ya mwaka 2012 na CodeIgniter 4 ya mwaka 2020 hazikupokea msimbo wa matoleo yaliyotangulia bila kazi kubwa. Zend Framework yenyewe ilihamishiwa Linux Foundation na kupewa jina la Laminas.

Wepesi na kasi

CodeIgniter ni ndogo, na huweza kupakiwa kwenye seva ya bei nafuu bila mstari wa amri, jambo lililoifanya ipendwe na wanafunzi. Slim ni ndogo zaidi na hufaa kwa huduma zinazotoa data tu. Phalcon imeandikwa kwa lugha ya C ili iwe na kasi, lakini huhitaji kusakinishwa kwenye seva yenyewe, na seva nyingi za kushirikiana hazimruhusu mteja kufanya hivyo.

Si kila programu kubwa ya PHP imejengwa juu ya viunzi hivi. WordPress ina mfumo wake wenyewe, na vivyo hivyo MediaWiki, programu inayoendesha Wikipedia katika lugha zote, Kiswahili kikiwamo.