Teke la rivolva kubwa: Kwa nini kiganja kinaumia, na namna ya kukilinda

Kata ya Arash iko Tarafa ya Loliondo, wilayani Ngorongoro. Ng'ombe wa wafugaji, nyumbu na nyati hupita nyanda zilezile, Serengeti iko jirani upande wa magharibi, na uwindaji wa kitalii umekuwepo Loliondo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mgogoro wa ardhi wa huko, hasa ule wa 2022, umeandikwa sana na hapa si mahali pake. Hii ni habari ya bunduki na mkono wa anayeishika.

Kila silaha ya risasi hupiga teke. Risasi ikienda mbele, silaha inarudi nyuma kwa msukumo uleule. Mtu akishaumizwa na teke hilo mara mbili tatu, mwili wake unaanza kuliogopa. Anafumba macho, anakaza mkono, risasi inapotea njia. Kama aliyelengwa ni nyati, basi nyati huyo anaingia kichakani akiwa na jeraha, na kesho yake asubuhi layoni anapita palepale na ndama.

Ndiyo maana suala la kulinda mkono halimhusu mwenye bunduki peke yake.

Kwanza, sheria

Mtalii anayekuja kuwinda Tanzania haruhusiwi kuja na bastola kwa kazi hiyo. Anatumia bunduki ndefu, na kwa wanyama hatari kama nyati na tembo kipenyo cha chini ni .375. Rivolva nzito za kuwindia ni mambo ya Marekani zaidi, ambako watu wanawinda nazo paa na nguruwe mwitu, wengine hutembea nazo kwenye misitu yenye dubu. Ila kanuni ya teke ni moja, na rivolva ndiyo inayoionyesha vizuri kuliko silaha nyingine yoyote, kwa sababu haina kitako cha kuegemea begani. Mzigo wote unabebwa na kiganja.

Teke lina ukubwa gani?

Chukua bastola ya kawaida ya 9mm. Risasi yake ina gramu 8 hivi na inatoka kwa kasi ya kama mita 350 kwa sekunde. Sasa weka pembeni rivolva ya Smith & Wesson Model 500, iliyotoka mwaka 2003. Risasi yake inaweza kufika gramu 26, kasi mita 510 kwa sekunde. Nguvu ya risasi hiyo ni karibu mara 7 ya ile ya 9mm.

Watengenezaji walijua hilo ni tatizo, kwa hiyo rivolva yenyewe waliipa uzito wa kilo 2 kwenye toleo la mtutu mrefu. Hata hivyo, ukipiga hesabu, chuma hicho cha kilo 2 kinarudi kwenye kiganja kwa zaidi ya mita 6 kila sekunde, na hapo gesi ya baruti bado haijahesabiwa. Si mchezo.

Kabla yake kulikuwa na .44 Magnum ya mwaka 1955, ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyotajwa kama kipimo cha rivolva kali. Leo kwa wapenzi wa silaha hizi inaonekana ya wastani.

Inaumiza wapi hasa?

Mtutu uko juu ya mkono, haukai sawa na mstari wa mkono. Kwa hiyo silaha hairudi nyuma tu, inazunguka pia, mdomo wake ukiruka juu. Hapo ndipo maumivu yanapogawanyika.

Sehemu ya kwanza ni ile nyama kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Mgongo wa mpini unapigilia hapo kila risasi. Mpini ukiwa mwembamba, pigo lote linaangukia eneo dogo, na ngozi inaweza kuchanika. Ya pili ni kifundo cha kidole cha kati, ambacho kinagongwa na kile chuma kinachozunguka kifyatulio. Wengi wanashangaa kukuta kidole hicho kimevimba wakati wao waliogopea kiganja. Ya tatu ni kifundo cha mkono, ambako mishipa ya fahamu inapita mahali pembamba. Ganzi kwenye vidole baada ya kupiga risasi nyingi inaanzia huko.

Vidole vikae nyuma ya silinda

Hili halihusiani na teke moja kwa moja, lakini ndilo kosa baya kuliko yote, na linafanywa na watu waliozoea bastola za kawaida.

Rivolva ina nafasi ndogo sana kati ya silinda na mtutu. Risasi ikipita hapo, gesi ya moto inachomoka pembeni kwa shinikizo kubwa. Kwenye rivolva ndogo inaweza kukuunguza. Kwenye hizi za Magnum kubwa inakata, na inaweza kuondoka na ncha ya kidole. Mtu anayetafuta namna ya kutuliza teke huwa anasogeza mkono wa pili mbele ili ashike vizuri zaidi, na anaupeleka palepale pa hatari. Vidole vyote, vya mikono yote miwili, vibaki nyuma ya uso wa mbele wa silinda. Muda wote.

Namna ya kushika

Mkono wa kufyatulia ushike juu kadiri mpini unavyoruhusu, ili mtutu uwe karibu na mstari wa mkono na silaha isizunguke sana. Ila ukienda juu kupita kiasi, nyundo ikirudi itakuuma. Mkono wa pili uufunike wa kwanza, vidole vikiwa chini ya chuma kinacholinda kifyatulio. Viwiko vikunjwe kidogo. Mikono iliyonyooka kama mti inapeleka pigo lote kwenye viungo, wakati iliyokunjwa inalimeza.

Kaza, lakini usikaze mpaka mikono itetemeke. Kulegeza nako ni hatari: silaha inapata nafasi ya kuongeza kasi kabla ya kukupiga, na mdomo wake unaweza kurudi mpaka usoni.

Rivolva za mtindo wa zamani, ule wa Colt ya mwaka 1873, zina mpini uliopinda unaoteleza ndani ya kiganja teke linapokuja. Wenye nazo huziacha zizunguke makusudi. Kwa .45 ya kawaida inafanya kazi. Kwa risasi kali za leo, mkono unachoka mapema.

Vifaa: kipi kinasaidia kweli

Kinachosaidia kuliko vyote ni mpini wa mpira unaofunika mgongo wa chuma kabisa. Mipini mingi ya mbao inapendeza kwa macho lakini inaacha chuma wazi pale pale panapopiga kiganja. Mpini uwe na unene unaojaza mkono wako, si wa rafiki yako.

Glavu inafuata. Nzuri ni ya ngozi, yenye pedi kwenye ile nyama ya gumba, na nyembamba kwenye kidole cha shahada ili ukisikie kifyatulio. Glavu nene za kazi za ujenzi hazifai, zinaweza hata kukwama kwenye kifyatulio.

Uzito nao ni rafiki. Rivolva nyepesi ya kubeba kiunoni siku nzima inaonekana nzuri dukani, halafu siku ya kuipiga unajuta.

Njia rahisi zaidi kwa mtu anayejifunza ni kupunguza nguvu ya risasi. Rivolva ya .44 Magnum inapokea risasi za .44 Special, ambazo ni laini zaidi. Ya .454 Casull inapokea .45 Colt. Mtu anaweza kujifunza kushika, kulenga na kufyatua bila kuteswa.

Na kinga ya masikio ni lazima. Sehemu kubwa ya woga ambao watu wanausingizia teke inatokana na mlio. Plagi za masikioni, na juu yake zile za kufunika, zinawatuliza wengi kuliko glavu yoyote.

Risasi moja kwanza

Anayepiga rivolva kubwa kwa mara ya kwanza awekewe risasi moja tu kwenye silinda. Sababu ni kwamba teke likimzidi, kidole chake kinaweza kukaza tena bila yeye kujua na kufyatua ya pili, wakati mtutu tayari unaangalia juu au nyuma. Ukiwa na risasi moja, hilo haliwezekani.

Kujua kama woga umeshaingia kuna jaribio la zamani. Msaidizi anapanga silindani risasi chache pamoja na maganda matupu, mpigaji asijue kipi kiko wapi. Nyundo ikianguka kwenye ganda tupu halafu mdomo wa silaha ukainama, jibu limepatikana: mkono unapigana na teke ambalo halijaja.

Somo la Karamoja

Walter Bell, aliyewinda tembo Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne iliyopita, aliua zaidi ya tembo 1,000, wengi wao kwa .275 Rigby, bunduki ambayo wenzake waliiona ndogo mno. Hesabu hiyo inatisha kwa macho ya leo, na sheria za sasa zisingemruhusu. Lakini hoja yake ilikuwa kwamba bunduki isiyomuumiza inamwachia utulivu wa kuweka risasi mahali sahihi.

Wawindaji bingwa wa vitalu vya Tanzania wanaijua hoja hiyo kwa upande wa gharama. Mgeni akimjeruhi mnyama, wao na wafuata nyayo ndio wanaoingia kichakani kumtafuta, na hata asipopatikana anahesabiwa kama ameuawa na ada yake inalipwa. Kwa hiyo siku ya kwanza kambini mgeni hupelekwa kwenye shabaha kupima bunduki yake, na mwindaji bingwa humwangalia usoni pia, kuona kama macho yanafumba.

Wakati wa kuacha

Mkono ukianza kuuma, siku hiyo imeisha. Risasi sita zilizopigwa vizuri zinafundisha kuliko hamsini za kuvumilia. Ganzi isiyoondoka baada ya siku chache, maumivu kwenye shina la kidole gumba, au kushindwa kushika kikombe sawasawa, hayo ni ya kwenda hospitali, na daktari aambiwe wazi kwamba chanzo ni bunduki.